Msasa Usio na Namba

Mathias hakuliegesha gari kivulini kama wateja wengine. Aliliingiza kwenye uwanja wa Optatus, akalizungusha mpaka ubavu wake wote ukatazama jua, akazima injini na kushuka bila haraka. Alikuwa mwenye duka la saruji na mabati pale Mabwerebwere, mtu mpole, na upole wake siku hiyo ndio uliotisha.

"Fundi," aliita, "hebu njoo usimame hapa nilipo mimi."

Optatus alikuja huku akijifuta mikono kwenye suruali. Gereji yake ilikuwa uwanja tu wa nyuma ya nyumba, umezungushiwa mabati makuukuu, lakini humo ndani alikuwa amenyoosha bodi na kupuliza rangi magari ya nusu ya Kilosa. Alisimama aliposimamishwa, akatazama. Mlango aliokuwa ameupaka rangi ya bluu wiki iliyotangulia uling'aa vizuri. Chini ya ule mng'ao kulikuwa na mistari. Myembamba, mingi, imelala upande mmoja kama majani yaliyopitiwa na mafuriko.

"Unaona?"

"Naona."

"Sasa niambie. Hapa umepaka rangi au umepitisha reki?"

Vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wamejibanza getini wakaangua kicheko. Optatus naye alijaribu kucheka, kicheko kikagoma njiani.

"Ni alama za msasa," alisema. "Msasa wa mwanzo haukufutwa vizuri na wa pili. Niachie gari Jumatatu, naurudia mlango wote. Hulipi kitu."

"Silipi, ndiyo. Kwani nani alisema nitalipa?" Mathias akafungua mlango wa gari, kisha akasita mguu mmoja ukiwa ndani. "Mimi ndiye niliyekuwa nakusifia kwa watu, Optatus. Nawaambia, huyu bwana akimaliza kupiga msasa, hata nzi akitua anateleza."

Akaondoka. Reki ilikuwa imechoma kidogo tu. Yale ya nzi ndiyo yaliyobaki na Optatus asubuhi nzima.

Mkewe, Hildegarda, aliyasikia yote akiwa jikoni anachambua mchele. Hakutoka. Alijua mumewe angependa kuamini kwamba yeye hakusikia.

*

Kwa muda sasa kulikuwa na jambo lililomtatiza Hildegarda, nalo lilihusu ndoo.

Optatus hakuwa mtu wa kutupa msasa. Karatasi nzima alikuwa anaichana vipande vya kutosha kiganja, anakifunga kipande kwenye kibao, na kikishachoka kwa kazi ya mlango anakitunza kwa kazi ya kona. Vyote vilikaa kwenye ndoo iliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Namba ya msasa huchapwa kwa nyuma hapa na pale, kwa hiyo vipande vingi vilikuwa havina namba. Optatus hakuihitaji. Alikuwa anazamisha mkono ndooni huku akiongea na mteja, anapitisha dole gumba, anatoa anachokitaka. Wateja walilipenda jambo hilo, na yeye alijua wanalipenda.

Tangu masika ndoo ilikuwa inajaa tu. Optatus alinunua karatasi mpya kwa kila gari, akazigeuza nyuma, akazisogeza kwenye mwanga na kusoma namba kama mtu anayesoma dawa ya mtoto. Hildegarda alidhani macho yanakwenda. Akataka kumwambia waende wakapime miwani, akaona ni mwanamume mwenye majivuno kidogo, akaacha.

Mchana ule, baada ya Mathias, alipakua ugali moja kwa moja kutoka jikoni na kuuweka mezani pamoja na mchicha na dagaa. Ugali ulikuwa unafuka moshi. Optatus alinawa, akamega pande zima, akalifinyanga taratibu kiganjani huku mawazo yake yakiwa mbali.

Hildegarda alitazama moshi ukipita katikati ya vidole vya mumewe.

"Baba Loveth, hujaungua?"

"Ugali gani wa kuniunguza mimi?"

"Tazama vidole."

Alitazama. Ncha zake zilikuwa nyekundu. Aliurudisha ugali sahanini polepole, kama aliyekutwa na kitu cha mtu.

Hildegarda aliinuka, akaenda uwanjani, akarudi na ndoo. Akachagua vipande viwili visivyo na namba, akamwekea mumewe kila mkono kimoja.

"Upi wa kuanzia, upi wa kumalizia?"

"Mama Loveth, tunakula."

"Nijibu, halafu tule."

Alivisugua kwa dole gumba. Akavisugua tena. Akakiinua kimoja karibu na uso, Hildegarda akaushusha mkono wake kwa upole. "Usitazame."

"Huu ndio wa kumalizia," alisema, na kuinua mkono wa kulia.

Hata Hildegarda, ambaye maisha yake yote alishika msasa pale tu alipoufagia, alijua kwamba kile kipande cha kulia kilikuwa kinakwaruza kama ulimi wa ng'ombe.

"Tangu lini?"

Optatus alitazama mchicha. "Masika. Vilianza vidole vitatu. Usiku vinawaka moto, mchana vinalala. Nikishika kitu ni kama nimevaa glavu."

"Ndiyo maana ulikuwa unatoka nje usiku?"

"Nilikuwa natoka kuikung'uta mikono. Nikiikung'uta inapoa."

"Na mimi nimelala pale nadhani una mwanamke."

Optatus akainua uso. Kwa mara ya kwanza siku hiyo kicheko kilimtoka chenyewe, mpaka akakohoa. "Mwanamke gani angeikubali mikono hii?"

"Mimi niliikubali," alisema Hildegarda, na hakucheka. Alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa imechanganyika na nafuu kiasi kwamba hakujua aanze na ipi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Kwamba fundi wa rangi hana vidole? Ukishalisema jambo kama hilo, linakuwa kweli."

Walimaliza kula. Safari hii Hildegarda ndiye aliyemega ugali na kuupepea kabla hajamsogezea.

*

Daktari aliyewaona hospitali alikuwa binti wa umri wa Loveth, mtoto wao aliyeolewa Morogoro. Aliwaamkia kwanza wote wawili, kisha akamgonga Optatus kwenye kifundo cha mkono kwa kidole, akamwuliza kama anahisi shoti. Alihisi. Akawaeleza kwamba mshipa wa fahamu umebanwa pale, kwa sababu ya miaka ya kukamata kibao na kutetemeshwa na grinda. Avae vifaa vya kuishikilia mikono. Apumzike na kazi za kukamata na kusugua. Hisia zinaweza kurudi taratibu, labda zote, labda si zote. Zisiporudi watazungumzia upasuaji.

"Apumzike mpaka lini?" aliuliza Hildegarda.

"Tutaangalia, mama."

"Asante, daktari," alisema Optatus, kwa adabu kubwa, kama mtu aliyeambiwa apumzike kupumua.

Walipofika nyumbani walikuta Noah nyeupe imesimama getini, na mwenyewe ameketi kwenye ngazi yao. Gaudiosa alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kazi yake ilikuwa kupokea wageni wanaoshuka treni ya umeme pale stesheni ya Kilosa na kuwapeleka kwenye hoteli za Mikumi. Juzi yake, kwenye ile barabara kuu inayokata hifadhi, ngiri alitoka majanini mkia juu na kuingia ubavuni mwa gari. Ngiri alijikung'uta akaenda zake. Mlango na madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, vilibaki vimebonyea kama sufuria iliyoangushwa.

"Meneja wa hoteli kaniambia gari la mabonde halibebi wageni wake," alisema Gaudiosa. "Jumamosi nina kundi la kupokea. Nikilikosa, kazi yote anapewa mtu mwingine. Sikufichi, fundi, habari za Mathias nimezisikia. Ila Innocent wa Mikumi magari yamemjaa mpaka barabarani. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Optatus alilimeza hilo. Alikuwa amemfundisha Innocent kazi kwa mikono yake mwenyewe. Alifungua kinywa kusema kwamba haiwezekani, kwamba mikono imeambiwa ikae, atafute pengine.

"Litakuwa tayari Ijumaa," alisema Hildegarda nyuma yake.

Gaudiosa alipoondoka Optatus alimgeukia mkewe. "Nani atapiga msasa?"

Hildegarda alijifunga khanga ya pili kiunoni. "Wewe una mdomo. Nifundishe."

*

Kunyoosha bati hakukuhitaji ncha za vidole. Optatus aligonga kwa nyundo ya mbao, akatazama kwa jicho moja, akagonga tena, na kufikia jioni mlango ulikuwa umerudi karibu na umbo lake. Asubuhi alichanganya puti ya kuzibia mabonde yaliyobaki, akaipaka kwa kipande cha plastiki, ikakauka. Halafu akamkabidhi mkewe kibao.

"Anza na msasa wa namba themanini, mkali kuliko yote," alisema. "Huu si wa kulainisha, ni wa kula. Unakata puti mpaka umbo lirudi. Umbo ukishalipata, unachukua mia moja na themanini, unafuta alama za themanini. Halafu mia tatu na ishirini, unafuta alama za ule wa mia moja na themanini. Kila msasa kazi yake ni kumfutia mwenzake aliyetangulia. Usiruke."

"Nikiruka?"

"Ukiruka unapata mlango wa Mathias."

Hildegarda aliinama akaanza. Alisugua kwa nguvu, kama anayesugua sufuria iliyoungua, huku vumbi jeupe likimpanda mpaka kwenye nyusi. Kibao kilipomchosha alikiweka chini, akauweka msasa chini ya vidole vyake vinne na kuendelea. Kwake mlango ulionekana laini kabisa. Alijipongeza kimoyomoyo.

Optatus hakuugusa. Aliponda mkaa, akauchuja, akaufunga kwenye kitambaa chepesi na kuupigapiga juu ya puti mpaka pote pakawa peusi. "Zamani nilikuwa nawacheka wanaotumia hii," alisema. "Sasa pitisha kibao. Taratibu, mara moja."

Alipopitisha, weusi ulifutika juu na kubaki mabondeni. Mifereji minne ilisimama wazi mlangoni, kila mmoja na upana wa kidole chake.

"Hivyo ni vidole vyangu?"

"Ndivyo. Kidole kinafuata bonde, kinazidi kulichimba. Kibao kimenyooka, hakishuki bondeni. Ndiyo maana tunatumia kibao."

Ikabidi wapake puti upya. Mara ya pili ilipofika katikati, Optatus alishindwa kuvumilia. Aliona kazi inakwenda kwa kujivuta, akamnyang'anya mkewe kibao na kuanza mwenyewe, haraka, kwa ule mwendo wa mshazari wa miaka mingi. Kwa dakika chache alikuwa Optatus yule yule. Kisha bati likang'aa. Kwa kutosikia anachokikandamiza, alikuwa ameitoboa puti yote pale ukingoni mpaka kwenye chuma.

Alikiweka kibao juu ya paa la gari. Akaenda akaketi kwenye benchi, mikono juu ya mapaja kama vitu alivyoazimwa.

Hildegarda hakumfuata. Aliuziba ukingo kwa puti kama alivyomwona yeye akifanya, vibaya kidogo, akasubiri ikauke. Akachukua kibao.

"Shika kwa kiganja, si kwa ngumi," sauti ilisema kutoka kwenye benchi, baada ya muda. "Na nenda mshazari. Kulia, halafu kushoto, zikatane."

Alikwenda mshazari.

Kuchagua msasa kulimchukua muda zaidi kuliko kuupiga. Karatasi mpya zilikuwa zimekwisha, na ndoo ilikuwa imejaa. Optatus alimketisha nayo kivulini, akamwambia avitenge vipande vyote kwa kuvigusa tu. Alikosea, akarudia. Akaanza kugundua kwamba msasa mkali uliochoka unaweza kujifanya laini, lakini una meno machache marefu yaliyojificha, na hayo ndiyo yanayochora mlango. Vipande vya namna hiyo ndivyo vilivyokuwa vimemponza Optatus kwa Mathias, siku karatasi mpya zilipomwishia. Alivitenga mbali.

"Sasa papasa," alimwambia mumewe alipomaliza mlango kwa mara ya tatu, kisha akakumbuka vile vidole na kucheka: "Nisamehe. Mazoea."

"Papasa wewe," alisema Optatus. "Kiganja chote. Weka khanga katikati, itaondoa mkwaruzo, itabakiza umbo. Fumba macho. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Tena. Pole pole."

Alipitisha mkono toka ukingo hadi ukingo. Akarudi. Akasimama karibu na kitasa. "Hapa kuna kilima. Kidogo sana. Kama mtoto aliyelala chini ya shuka."

Optatus aliinama kutazama kwa jicho moja dhidi ya mwanga. Hakuona kilima chochote. Alimtazama mkewe, aliyekuwa bado amefumba macho, nywele nyeupe kwa vumbi, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili.

"Kishushe," alimwambia.

*

Gaudiosa alikuja Alhamisi, bila taarifa. Alichokikuta ni Hildegarda amepiga magoti mbele ya mlango wa Noah, kibao mkononi, na fundi ameketi benchi amevaa vile vifaa vya hospitali kwenye vifundo vya mikono.

"Fundi," alisema kwa ile sauti yake, "gari langu limekuwa shamba darasa?"

Vijana wa bodaboda wakasogea getini. Mmoja, kwa lile vumbi lililomjaa Hildegarda kama unga, akamwuliza kama chapati za leo ni za bluu au nyeupe.

Hildegarda aliinuka haraka. "Namsaidia kufuta vumbi tu, dada. Fundi mwenyewe ndiye..."

"Hapana," alisema Optatus. Alikuwa amesimama. "Vidole vyangu havisikii. Nimeshindwa kupiga msasa. Yeye ndiye anayepiga, mimi namwelekeza."

Alilisema mbele ya wote, wale wa getini wakiwamo. Hakuna aliyecheka. Hata yule wa chapati alijikuta anatazama pikipiki yake.

Gaudiosa alishusha pumzi. "Ungeniambia siku ile."

"Ningekwambia, ungeacha gari?"

"Nisingeacha."

"Basi unajua kwa nini."

"Nakuhurumia, fundi. Kweli nakuhurumia. Ila huruma haipakii wageni. Innocent kanipigia, amepata nafasi. Nalichukua."

Optatus aliitikia kwa kichwa, kisha akauendea mlango na kuuonyesha kwa kidole bila kuugusa. "Chukua, ni lako. Ila siwezi kukuacha uondoke hivi. Madigadi imeishia mia tatu na ishirini. Mlango huku juu vivyo hivyo, lakini hapa chini bado una alama za mia moja na themanini. Fundi mwingine akidhani pote ni sawa, akapuliza, mistari itatoka juani, na kosa halitakuwa lake. Twende wote. Nitamwonyesha."

"Kwani simu huna?"

"Simu haitamwonyesha pa kushika."

Gaudiosa alitoa ufunguo wa gari. "Ingia," alisema.

"Na mimi," alisema Hildegarda, na akapanda bila kusubiri kuruhusiwa, na vumbi lake lote.

Walipita Masanze redio ikiwa juu. Mbele zaidi, Gaudiosa alipunguza redio, akauliza bila kugeuza shingo, "Mikono inauma?"

"Usiku," alisema Optatus.

"Pole."

Akaongeza redio tena.

*

Gereji ya Innocent ilikuwa kando ya barabara kuu pale Mikumi, ina paa, ina kompresa kubwa na mashine ya umeme ya kupiga msasa iliyokuwa ikinguruma juu ya boneti ya lori. Malori yalipita na kuitikisa ardhi. Mwenyewe alipowaona alizima mashine, akaja mbio.

"Shikamoo, mzee! Shikamoo, mama!"

"Marahaba, Innocent. Hujambo?"

Mafundi wake walisimamisha kazi. Wote walilijua jina la Optatus, na wote waliona ile mikono iliyofungwa. Optatus alieleza kwa kifupi alichokijia: wapi pamekamilika, wapi bado. Alieleza kama mtu anayekabidhi ng'ombe kwa mchungaji mwingine. Haikuwa rahisi kumwambia mwanafunzi wako kwamba umeishia njiani, na sauti yake ilikwenda chini kadiri alivyoendelea.

Innocent aliweka kiganja juu ya madigadi. Akakipeleka polepole hadi mlangoni, akakirudisha. Akainama akatazama dhidi ya mwanga.

"Mzee," alisema, "watu wanasema maneno, lakini mkono wako bado ni ule ule. Hii mashine yangu haiwezi kunitolea bati lililonyooka hivi."

Gaudiosa alikuwa anasikiliza. Mafundi walikuwa wanasikiliza. Kwa siku zote hizo hakuna aliyempa Optatus neno tamu namna ile, na neno lilipofika lilimwingia mwilini kama chai ya moto. Angeweza kusema asante tu. Hildegarda alikuwa ametazama chini, akifuta puti kwenye kucha, na ilionekana wazi kwamba yuko tayari kumwachia sifa hizo.

"Si mkono wangu," alisema Optatus. "Ni wa mama yako."

Innocent alicheka, akidhani ni utani wa wazee. Alipoona hakuna anayecheka naye, akamgeukia Hildegarda. "Kweli, mama?"

"Yeye alikuwa anasema, mimi nafuata," alisema Hildegarda.

"Hapa chini ungemalizia na nini?"

Alipiga magoti, akapapasa. Akaomba vipande. Innocent alimletea konzi nzima ya vipande vya kila aina, na Hildegarda akavipitisha chini ya dole gumba. Cha kwanza alikitupa. Cha pili alikirudia mara mbili, akakiweka pembeni. "Hiki kimechoka, lakini kina meno." Cha tatu alikishikilia, kisha wasiwasi ukamshika, watu walikuwa wengi. Akamnyooshea mumewe. "Ndicho, sivyo?"

Optatus hakukipokea. "Mimi nitajuaje? Wewe ndiye uliyekishika."

Hildegarda alikitazama kile kipande. Akakifunga kwenye kibao, akaanza kazi.

Fundi mmoja alinong'ona kwamba leo Mikumi imeona mambo. Innocent alimtuma akalete maji. Ilipofika zamu ya kupiga msasa wa maji juu ya praima, ile rangi ya msingi, ndoo ilishikwa na Gaudiosa mwenyewe, kwa sababu, alisema, amechoka kukaa kama mgonjwa. Alimwagia mlango maji huku akilalamika juu ya ngiri, juu ya meneja, juu ya bei ya petroli, na kila Hildegarda aliposimama kunyoosha mgongo, Gaudiosa naye aliacha kulalamika, akamsubiri.

Usiku huo na uliofuata walilala kwa Gaudiosa, pale pale Mikumi. Aliwapikia wali na maharage, akawapa kitanda, yeye akalala sebuleni.

*

Ijumaa Innocent alipuliza rangi. Jumamosi asubuhi meneja wa hoteli alilizunguka gari lote, mikono nyuma, akauliza swali moja tu, nalo lilihusu matairi.

Gaudiosa alipolipa, alimpa Innocent chake, na kilichobaki alikiweka mkononi mwa Hildegarda. Aliukunja mkono wake kabisa juu ya hizo noti, mbele ya Optatus, bila kumtazama. Hildegarda alisita, akamtupia mumewe jicho. Optatus alikuwa ameona ghafla kitu cha kutazama upande wa pili wa barabara.

Innocent aliwasindikiza hadi garini. Alikuwa na bampa mbili zilizomshinda muda, na mlango wa basi dogo; aliuliza kama anaweza kuzituma Kilosa. Hakujua amwulize nani, kwa hiyo aliuliza hewani, katikati yao.

"Zilete," walisema wote wawili.

"Jumatatu tuna mlango wa Mathias," aliongeza Hildegarda. "Zilete baada ya hapo."

Waliondoka kabla jua halijawa kali, Gaudiosa akiwahi treni. Alikuwa amewakataza kuegemea mlango. Nyuma ya kiti chake wale wawili walikaa wameachiana nafasi, kama wageni waliolipa, mpaka tairi lilipoingia kwenye shimo na kuwasogeza. Hapo hakuna aliyerudi alikokuwa.

Optatus aliuchukua mkono wa mkewe na kuuweka juu ya goti lake. Ncha za vidole zilikuwa zimelika, ngozi imechanika kwenye kona za kucha, na kiganja chote kilikuwa kikavu kwa puti na sabuni. Alikipitishia dole gumba lake, toka kifundo hadi vidoleni, taratibu.

"Mkono wako umekuwa mkali," alisema.

Hildegarda aligeuza kichwa haraka. "Umesikia?"

Optatus alirudi mwanzo, kwenye kifundo, akapitisha tena, macho amefumba.

"Kidogo," alisema.

Huenda ilikuwa kweli. Huenda aliona tu ile michubuko kwa macho kabla hajayafumba. Hildegarda alimjua mumewe vya kutosha kuweza kumbana mpaka aseme, na alimjua vya kutosha kumwacha. Aliuacha mkono wake pale pale gotini, akamwambia arudie tena, mpaka stesheni.